Barua za Kaseti: Sauti Zilizovuka Bahari Baina ya Unguja na Maskati



Katika sanduku la bati ambalo marhumu Baba alikuja nalo Maskati mwaka 1974 mna kaseti 41. Nimezihesabu mara tatu, kama nilivyozoea kuhesabu majalada ofisini, na kila mara zinatoka 41. Kumi na tisa zina maandishi ya mkono wa Baba kwa herufi za Kiarabu. Kumi na moja zimeandikwa kwa herufi za Kilatini na watoto wa jirani waliokuwa wakimsaidia Bibi kule Malindi. Zilizobaki hazina kitu juu yake ila vumbi. Najua kwamba wengi wenu mnaosoma kurasa hizi mna sanduku la namna hiyo chini ya kitanda au juu ya kabati, na kwamba hamkulifungua muda mrefu, ama kwa sababu hamna tena chombo cha kuzichezea, ama kwa sababu mnaogopa mtakachokisikia. Nataka kueleza leo vitu hivi vilitokeaje, vilifanyaje kazi, na vilituudhi namna gani. Vilituudhi sana, nami sitaficha.

Kabla ya kaseti palikuwapo barua, na barua zetu zilikuwa na msiba wake. Bibi, mzaa Baba, alisoma chuoni kama watoto wa kike wa zama zake. Alihitimu Kurani, na herufi zile zile alizosomea ndizo alizoandikia Kiswahili chake: orodha ya vitu vya harusi, dawa za watoto, barua kwa dada yake Pemba. Skuli za serikali ya Waingereza zilisomesha kwa herufi za Kilatini, na kwa hivyo katika nyumba moja palikuwa na watu wawili wanaojua kusoma, na kila mmoja hajui kusoma aliyoyaandika mwenzake. Baba alikuwa na bahati ya kupita kotekote, chuoni na skuli. Alipohama, alimwandikia mama yake kwa hati ya Kiarabu, naye akamjibu kwa hati hiyo hiyo, na mambo yakaenda vizuri mwaka mmoja na kidogo. Kisha macho ya Bibi yakaingia mtoto wa jicho.

Hapo ndipo barua ilipogeuka kuwa mkutano wa hadhara. Ilibidi Baba aandike kwa Kilatini ili mtoto wa jirani aweze kusoma, na mtoto alisoma kwa sauti ya darasani, mlango wazi, wapitao wakisikia. Mambo ya mirathi, ya posa, ya mtu aliyegombana na mkewe, hayasomwi hivyo. Fauka ya hayo, miaka ile watu walikuwa na hadhari na kila karatasi iliyopita posta. Barua zikapungua maneno mpaka zikabaki salamu tupu: sisi wazima, hofu ni kwenu. Nimezisoma zote. Katika barua kumi za mwaka 1975 hujui kwamba nyumbani kwetu amezaliwa mtoto na amekufa mtu.

Simu haikuwa dawa. Ulikwenda posta, ukaandikisha, ukangoja, na ulipopata laini ulipiga kelele kama unayemwita mtu ng'ambo ya mto, na dakika zikaisha wakati bado mnaulizana hali.

Wazo la kupeleka sauti badala ya karatasi si la kwetu, wala si la jana. Thomas Edison alitengeneza mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877, na mwaka uliofuata aliandika makala kueleza mashine hiyo itafaa kwa nini. Muziki hakuuweka mbele. Kwanza alitaja uandishi wa barua bila ya kalamu, na miongoni mwa mengine akataja kumbukumbu za familia: sauti za jamaa na maneno ya wanaokaribia kufa. Biashara ilikwenda njia nyingine, ikauza nyimbo. Pwani yetu ilipopata santuri, ilipata chombo kinachosema lakini hakisikii. Siti binti Saad alipotaka kurekodiwa mwaka 1928 ilimbidi apande meli mpaka Bombay. Mtu asiyekuwa Siti binti Saad hakuwa na sababu ya kudhani kwamba sauti yake itabaki baada yake.

Aliyeyageuza mambo haya kwetu sisi watu wa kawaida ni mhandisi wa Kiholanzi, Lou Ottens, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Philips huko Hasselt, Ubelgiji. Alichoshwa na tepu za magurudumu mawili makubwa, ambazo utepe wake ulitaka kuingizwa kwa mkono na ulikuwa ukimponyoka. Husimuliwa kwamba alichonga kipande cha mbao kinachoweza kuingia katika mfuko wa koti lake, akasema chombo kipya kisizidi hapo. Kaseti ilionyeshwa Berlin mwisho wa Agosti 1963. Philips baadaye wakaruhusu wenye viwanda wengine waitengeneze bila ya malipo, kwa sharti wafuate vipimo vile vile, na kwa sababu hiyo kaseti iliyotengenezwa popote ikaingia katika chombo kilichotengenezwa popote. Msilidharau jambo hilo. Tepu ya Bibi ilikuwa ya Kijapani, yetu ilikuwa ya aina nyingine kabisa, na kaseti haikujali.

Agosti 1963 mpaka Januari 1964 ni miezi mitano isiyotimia. Mambo haya mawili hayana uhusiano wowote, lakini mimi kila nikiitazama tarehe ile naona kana kwamba chombo kilitangulia kuzaliwa kidogo kabla ya haja yake. Haja yenyewe hamhitaji kuelezwa. Wengine walikwenda Uingereza, wengine Dubai na Kuwait, wengine Dar es Salaam na Mombasa. Sultani Qaboos aliposhika hatamu Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi, waliotoka Unguja wakawa wengi katika walioitikia. Walijua Kiingereza, walijua kazi za ofisi, na kazi zilikuwako. Baba akapata ukarani. Mimi nilimfuata mwaka 1976, nikiwa na miaka kumi na saba, na baadaye nikashika kalamu ile ile.

Tepu ya kwanza tuliinunua Ruwi, dukani kwa Mhindi ambaye wateja wake wakubwa walikuwa watu wa Malabar. Hao walitutangulia katika sanaa hii. Nilikuwa nikiwaona Alhamisi jioni wakinunua kaseti tupu kumi kwa mpigo, na baadaye wamekaa peke yao ndani ya gari au nyuma ya godauni, wanazungumza na kisanduku, wengine wanalia. Nilidhani ni wazimu. Miezi miwili baadaye nilikuwa nafanya hivyo hivyo mimi.

Tuliponunua ya pili, tulimpa msafiri ampelekee Bibi. Kaseti hazikupita posta hata moja. Zilikwenda mkono kwa mkono, ndani ya viatu vipya, ndani ya mikunjo ya kanga, na kila aliyesafiri alijua kwamba atakabidhiwa. Ukimya wa posta ukavunjika. Bibi aliweza kufunga mlango wake, akazungumza na mwanawe kama alivyotaka, na hakuna mtoto wa jirani baina yao.

Aliweza, nasema, baada ya taabu. Kaseti ya kwanza aliyotuletea tulikusanyika kuisikiliza, Mama ametia udi, Baba amevaa kanzu safi. Upande wa kwanza, nusu saa, kimya. Upande wa pili, kimya. Tepu za wakati ule zilitaka vitufe viwili vibonyezwe pamoja, cha kuchezea na chekundu cha kurekodia. Bibi alibonyeza kimoja. Alizungumza saa nzima na kaseti inayozunguka bure, na alipopata habari kwamba hatukusikia neno alikataa kuyarudia. Alisema yale yamekwisha semwa. Baba alijaribu kumbembeleza katika kaseti nne zilizofuata, wala hakufanikiwa, na hatukujua mpaka leo alisema nini.

Ya pili alibonyeza vizuri lakini aliweka mdomo mbele ya spika, akidhani panapotoka sauti ndipo inapoingia, wakati maikrofoni ilikuwa tundu dogo pembeni. Tulimsikia kwa mbali sana, na kwa karibu sana tulimsikia muuza kahawa anagonganisha vikombe mtaani, na kunguru. Wakati huo tulikasirika. Sasa ningetoa mengi kupata muuza kahawa mwingine.

Tatizo kubwa lilikuwa mawe. Miaka ile Unguja mchele, sukari na unga wa ngano vilikuwa kwa mgao, na mawe ya redio yaliadimika kuliko sukari. Tukipeleka mawe manane, manne yaliingia katika redio ya Ami yangu mkubwa, ambaye asingekosa habari za London hata nyumba iungue. Yaliyobaki Bibi aliyatumia mpaka tone la mwisho. Aliyaanika juani, aliyabadilisha nafasi, aliyaweka chini ya mto usiku. Na hapa lazima nieleze ufundi kidogo, kwa kuwa bila ya kuufahamu hamtafahamu yaliyotokea baadaye.

Utepe wa kaseti hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa kasi ya sentimita 4.76 kila sekunde. Kasi hiyo ndiyo mapatano baina ya vyombo vyote duniani. Mawe yakichoka, mota huzunguka polepole, na maneno yanayorekodiwa hubanana juu ya utepe. Ukiuchukua utepe huo ukaucheza katika chombo chenye umeme wa kutosha, maneno yaliyobanana yanatoka mbio, na sauti inapanda juu. Kaseti ya mwaka 1979, ambayo katika daftari langu ni namba 17, ilitoka hivyo. Bibi yangu, mwanamke mwenye sauti ya chini na maneno mazito, alizungumza nasi nusu saa kwa sauti ya kasuku. Watoto walicheka mpaka wakaanguka chini. Kaseti ile ikapewa jina, "Bibi Kasuku", na wageni walipokuja watoto waliomba iwekwe. Baba hakucheka. Alikuwa akitoka chumbani.

Nimestaafu na sanduku limekuwa mikononi mwangu. Kuzihamisha kaseti hizi kwenda katika kompyuta kulinichukua miaka kumi na tano, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa hasira. Mara ya kwanza, karibu 2005, nilimpelekea mwenye duka kaseti sita aliyedai anajua kazi hiyo. Alinirudishia sahani sita zinazong'ara, zimeandikwa vizuri. Mbili zilikuwa na sauti ya Bibi, tatu zilikuwa na sauti kutoka sikio moja tu, na moja ilikuwa na nyimbo za Kihindi. Nilipokwenda kuuliza, duka lilikuwa limegeuka kuwa la miwani. Sahani zile nzuri mbili nilizifungia kabatini kwa amani, nikiamini kazi imekwisha. Mwaka 2016 nilizitia katika kompyuta na kompyuta ikaniambia hamna kitu ndani yake. Rangi inayobeba maandishi ya sahani za kurekodi nyumbani huharibika, hasa katika joto, nami niliziweka katika kabati lililogusana na ukuta wa magharibi, hapa Maskati. Kaseti zilizokuwa zimedharauliwa ndani ya bati zilikuwa hai.

Nikaamua kufanya mwenyewe. Tepu yetu ya zamani haikuzunguka, kwa kuwa mkanda wake wa mpira ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami. Nilinunua kidude kidogo cha plastiki cha kuunganisha na kompyuta, rahisi sana, na kilikula kaseti namba 9 mita mbili kabla sijawahi kukizima. Hatimaye nikapata tepu nzito ya zamani, ya kuweka mezani, kwa mzee mmoja aliyekuwa akihama nyumba, na fundi akabadilisha mkanda na kusafisha vichwa. Mwenye kutaka kuanza kazi hii na anifuate hapa, asinifuate kule nyuma. Msiitie kaseti katika chombo kabla ya kuitazama. Katikati ya mdomo wake mna kipande kidogo cha sufi kinachousukuma utepe ugusane na kichwa. Gundi yake hukauka na kipande huanguka, na bila yake sauti hufifia. Izungusheni kwanza kwa penseli, polepole, mwone kama utepe umeshikana. Ikiwa ni kaseti ya dakika 120, msiirudishe mbio kabisa, kwani utepe wake ni mwembamba mno na hunyooka. Na mkishahamisha, wekeni nakala mahali zaidi ya pamoja, na moja iwe nje ya nyumba yenu.

Mimi kila kaseti nimeifungulia mstari katika daftari la mistari, la karatasi, kwa wino: namba, tarehe, upande, anayezungumza, anayetajwa, sauti za nyuma. Wajukuu wananicheka. Tangu nianze, diski moja imeanguka ikafa, neno la siri moja limesahauliwa na halikurudi, na simu moja imezama katika beseni la udhu. Daftari halijapata kunisumbua hata siku moja.

Katika kuandika sauti za nyuma ndipo nilipogundua jambo katika kaseti namba 17. Nyuma ya sauti ya kasuku, chumba cha pili, redio ya Ami ilikuwa wazi. Ami alisikiliza London kwa Kiingereza, saa moja ya usiku kwa saa zetu, mara baada ya Maghribi. Na kabla ya habari, London ilikuwa ikipiga milio sita ya saa: mitano mifupi na wa mwisho mrefu, na kati ya mlio na mlio sekunde moja kamili. Kutoka mwanzo wa mlio wa kwanza mpaka mwanzo wa mlio wa sita ni sekunde tano, wala si zaidi wala si pungufu, kwa kuwa ni alama ya saa, imetengenezwa kwa ajili ya kutokosea. Juu ya kioo cha kompyuta milio ile ilionekana kama misumari sita imepigwa mstari mmoja. Nikapima. Sekunde 4.2.

Nilikaa kitako nikaandika hesabu, kama hesabu za ofisini. Nne nukta mbili kwa tano ni asilimia 84. Kama kutoka mlio wa kwanza mpaka wa sita ilipasa kuwa tano, basi kaseti yote ilikuwa ikikimbia kwa kiasi hicho, na dawa yake ni kuiamuru programu iipunguze kasi mpaka asilimia 84. Mlio wenyewe ukanishuhudia: mlio wa London una mitetemo 1,000 kwa sekunde, nami nilikuwa nikiusikia karibu na 1,190, baada ya kupunguza ukashuka mahali pake. Kisha nikarudi mwanzo wa kaseti, nikazima taa, nikasikiliza.

Sitaeleza nilivyosikia. Nitasema hesabu tu: upande ule uliokuwa wa dakika 30 ukawa wa karibu dakika 36. Bibi alikuwa ametupa dakika sita zaidi ya tulizojua, nasi tukazicheka. Na yale aliyokuwa akiyasema kwa mbio za kasuku, ambayo watoto hawakuyafuata kwa kucheka, ni habari za ugonjwa wake. Alikuwa akimuaga mwanawe. Hakufa mwaka ule, alifariki 1986, lakini alidhani anakufa, na Baba peke yake katika nyumba alikuwa amefahamu, kwa sababu Baba alisikiliza maneno.

Nikaipeleka kwa ndugu zangu. Ndugu yangu wa Dubai alinishukuru. Dada yangu wa Cardiff alinipigia simu usiku na kuniambia nimeharibu. "Huyu si Bibi," alisema, "huyu ni mwanamume mzee." Nikamweleza milio, nikamweleza 84, akasema hesabu zangu nizipeleke ofisini. Tumegombana juu ya jambo hili mwaka wa tatu sasa, kwa upole, kila Idi. Na nikifikiri, naona ana haki yake. Mimi nilikaa na Bibi miaka kumi na saba, na sauti ile nzito nilikuwa nikiisikia kabla sijajua kusema. Yeye alitoka Unguja akiwa wa miaka mitatu. Hakuwa na Bibi mwingine ila wa ndani ya kaseti, na Bibi huyo alikuwa na sauti nyembamba ya haraka, na alimpenda. Mawe yaliyochoka yalimtengenezea dada yangu bibi, nami nimekuja na hesabu zangu kumchukua. Nimeziweka nakala zote mbili katika faili, yangu na yake, na katika daftari nimeandika "upande A, kasi mbili". Wala sina hakika kamili juu ya yangu: mawe hayafi kwa kipimo kimoja, na dakika ya ishirini tepu huenda ilikuwa nzito zaidi kuliko dakika ya kwanza, na milio ya London ilipigwa mara moja tu.

Siku hizi vijana wanaona maneno haya ni ya kale. Tangu 2013 WhatsApp inapeleka sauti kwa kubonyeza kidole, na shangazi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyebaki Malindi baada ya Bibi, alikuwa akiniletea asubuhi na jioni. Dua, bei ya samaki, nani kaoa. Sikuziweka popote, nilidhani zimo. Simu iliyozama katika beseni ilikuwa na miaka sita ya shangazi. Nimekuta kumi na tatu tu, nilizokuwa nimempelekea mtu mwingine.

Limebaki jambo moja, na nimelizunguka tangu mstari wa kwanza.

Kaseti namba 23 ni ya dakika 90. Bibi aliirekodi mwaka 1981, akiwa na afya, na mawe mapya. Baba alikuwa amemwomba aseme nasaba ya upande wa mama yake: nani alitoka Oman, alitoka kijiji gani cha Sharqiya, alioa wapi, nani amezikwa wapi. Alisema yote, jina baada ya jina, upande mzima. Baba aliisikiliza mara moja, akaandika majina ya mwanzo nyuma ya bahasha, akasema ataendelea akipata nafasi. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu, alivivunja vile vijino viwili vidogo vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ambavyo vikivunjwa kitufe chekundu hakikubali kushuka, ili mtu yeyote asirekodi juu yake.

Tarehe 21 Juni 1982, siku chache kabla ya Ramadhani, Kuwait ilicheza na Ufaransa katika Kombe la Dunia huko Valladolid. Ilikuwa mara ya kwanza nchi ya Kiarabu ya Ghuba kufika pale, nasi sote, hata tusiokuwa Wakuwaiti, tulikuwa kama tumefika. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilitaka kuunasa mtangazaji wa redio, na maduka yamefungwa, na kaseti tupu sina. Nilichelewa kupata ya kutumia mpaka kipindi cha pili kilipokwisha kuanza. Nikaitwaa namba 23. Kitufe kilikataa. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini kimekataa. Mimi nilijua hila yake, kila kijana alijua: nikabandika kipande cha karatasi ya gundi juu ya matundu, na kitufe kikashuka.

Wanaokumbuka mechi ile wanakumbuka sheikh wa Kuwait alivyoteremka uwanjani na bao likafutwa. Limo lote katika kaseti, na mtangazaji amekauka sauti. Nimewauliza mafundi wawili kama kilichokuwa chini yake kinaweza kutolewa. Haiwezekani. Katika tepu, kabla utepe haujafika kwenye kichwa cha kurekodia, hupita kwanza mbele ya kichwa cha kufutia.

Baba aliitafuta wiki kadhaa baadaye. Alikaa na bahasha yake na kalamu, akaitia kaseti, akabonyeza. Nilikuwa mlangoni. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akauliza, bila ya kugeuka, "Nani alishinda?" Nikamwambia Ufaransa, nne kwa moja. Akaitia kofia yake, akaenda msikitini. Hakulitaja tena jambo lile mpaka anakufa. Bahasha ninayo, majina yake ni saba, na la saba halina baba.

Lakini kwa kuwa nilichelewa kuanza, mpira ulikwisha kabla ya utepe. Mwisho wa upande, baada ya mtangazaji kukatwa katikati ya neno, zimebaki dakika nne za Bibi. Nasaba amekwisha maliza. Anawasalimu watoto kwa majina, anauliza kama Mama amepona mguu, anasema mwembe wa uani umezaa mwaka huu. Kisha anageuka kumwambia mtu aliye naye chumbani, nadhani ni shangazi: "Hebu tazama, kinazunguka bado?" Shangazi anajibu kinazunguka. Bibi anasema, "Basi kiache," na wanaendelea kuzungumza baina yao juu ya kisamvu, mpaka utepe unafika mwisho.